Tanuri la Kuvunja Mafuta Mazito, na Sisi wa Mwisho wa Reli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Mpanda)



Kwanza naishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Kamati iliniomba nieleze kazi yangu. Lakini kazi ya mtumishi wa serikali ni mafaili, na mafaili hayasimuliki vizuri mbele ya watu waliotoka kula pilau. Kwa hiyo niliomba ruhusa nizungumzie jambo moja nililolisoma Chuo Kikuu katika uhandisi wa kemia, ambalo limenifuata ofisini tangu siku hiyo kwa kuwa kazi zangu zimehusu mambo ya nishati. Jambo hilo ni tanuri. Nataka kueleza jinsi mafuta mazito yanavyovunjwa kwa moto yakawa mafuta mepesi, kwa nini viwanda vya kwanza vya Afrika Mashariki havikuwa na tanuri la namna hiyo, na jambo hilo linatuhusu nini sisi wa Mpanda, ambako reli kutoka Kaliua inakwisha.

Yaliyomo ndani ya pipa

Tuanze na hesabu ya pipa. Pipa moja la mafuta ghafi katika biashara ya dunia ni lita 159. Ndani yake hamna petroli peke yake wala dizeli peke yake. Mna mchanganyiko wa molekuli za kaboni na haidrojeni, ndogo na kubwa. Zilizo ndogo sana ni gesi. Zenye kaboni tano hadi kumi na mbili hivi ndizo petroli. Zinazofuata ni mafuta ya taa na ya ndege, kisha dizeli. Zilizo kubwa kupita hizo ni mafuta mazito, meusi, yasiyotiririka mpaka yapashwe moto, na chini kabisa ni lami.

Kiwanda cha kawaida cha kusafisha mafuta hutenganisha vitu hivyo kwa kuchemsha. Mafuta ghafi hupashwa moto katika tanuri hadi kama nyuzi 350 au 370 za Selsiasi, kisha huingizwa katika mnara mrefu. Yaliyo mepesi hupanda juu kama mvuke na kupoa katika ngazi mbalimbali, na mazito hubaki chini. Angalieni hapo, vijana: katika kazi hii hakuna kilichoundwa upya. Mnara hutoa kile kilichokuwamo. Kama mafuta ghafi yalikuwa na nusu nzito, nusu nzito itatoka. Ni kama kupepeta mahindi. Ungo hutenga chenga na punje, lakini haugeuzi chenga ikawa punje.

Sasa tazameni wilaya yetu inatumia nini. Bodaboda zinatumia petroli. Malori ya kwenda Tabora, Sumbawanga na Kigoma yanatumia dizeli. Matrekta na mashine za kukoboa mpunga, zisizo za umeme, ni dizeli. Kwa miaka mingi umeme wa mji huu ulitoka katika jenereta za dizeli. Sisi wa miaka ya 1990 tulisoma usiku kwa taa za chemli, yaani mafuta ya taa. Lakini ni nani hapa aliyewahi kwenda dukani kununua mafuta mazito meusi? Labda mtu wa barabara aliyehitaji lami. Mafuta mazito hununuliwa na meli, viwanda vya saruji na mitambo mikubwa ya umeme. Mtu wa mwisho wa reli anaishi kwa sehemu nyepesi ya pipa peke yake.

Kigamboni, Mombasa na Ndola

Nchi yetu ilipata kiwanda chake cha kusafisha mafuta mwaka 1966 pale Kigamboni, Dar es Salaam. Jina lake ni TIPER, na Waitalia wa AGIP ndio waliokuwa wabia. Baada ya Azimio la Arusha serikali ikachukua nusu ya hisa. Kilikuwa kiwanda kidogo, kisichofika mapipa 20,000 kwa siku, nacho kilifanya kazi ya maana kwa zaidi ya miaka thelathini. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha fungua chao pale Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Zambia ilijengewa bomba la TAZAMA kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, kilometa 1,710, lililoanza kazi mwaka 1968, na kiwanda cha Ndola kikafuata mwaka 1973.

Viwanda vyote vitatu vilikuwa na minara ya kutenganisha, pamoja na mitambo ya kurekebisha petroli na kuondoa salfa. Ambacho havikuwa nacho ni mtambo wa kuvunja mafuta mazito. Kwa hiyo kila pipa lililoingia liliacha sehemu kubwa ikiwa mafuta mazito, ambayo kwa kawaida bei yake sokoni huwa chini ya bei ya mafuta ghafi yenyewe. Fikirini mwashi anayenunua magogo, akipasua mbao, na kwa kila magogo kumi matatu au manne humgeukia takataka anazouza kwa bei ndogo kuliko aliyonunulia gogo. Mwashi huyo sharti apate faida kubwa mno katika mbao zilizobaki, ama sivyo atafunga karakana.

Bei za mafuta duniani zilipopanda mwaka 1973, kisha tena mwaka 1979, mambo yalikuwa magumu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka marufuku ya kuendesha magari ya binafsi Jumapili mchana. Fedha za kigeni zilizopatikana kwa pamba, kahawa na tumbaku, pamoja na tumbaku ya hapa kwetu, ziliishia kwa kiasi kikubwa katika kununua mafuta. Na katika mafuta hayo kiwanda chetu kilitoa mazito kupita mahitaji, na mepesi pungufu ya mahitaji. Nchi ikalazimika kuuza nje mazito yaliyozidi na kuagiza dizeli iliyopungua.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kazi ya kusafisha mafuta Kigamboni ilisimamishwa, na TIPER ikabaki ghala kubwa la mafuta, kazi inayoifanya hadi leo. Mombasa kampuni ya Essar ya India ilinunua nusu ya kiwanda mwaka 2009 kwa nia ya kukipanua na kukifanya cha kisasa. Hesabu zilipofanywa ilionekana mradi usingelipa, nacho kikaacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Bomba la TAZAMA nalo liligeuzwa mwaka 2023 kupitisha dizeli iliyokwisha safishwa. Zilikuwapo sababu nyingine pia: mitambo ilichakaa, biashara ya mafuta ilifunguliwa kwa makampuni mengi, na viwanda vikubwa mno vilijengwa India na Arabuni. Lakini kukosekana kwa tanuri la kuvunja kulivifanya viwanda hivyo vishindane mkono mmoja ukiwa umefungwa.

Kuvunja ni nini

Molekuli kubwa ya mafuta ni mnyororo mrefu wa kaboni. Ukiipasha moto kupita nyuzi 370 hivi, mnyororo huanza kukatika wenyewe. Molekuli yenye kaboni thelathini huweza kukatika ikatoa vipande vya dizeli, vya petroli na vya gesi. Hapa sasa kuna uumbaji: kitu ambacho hakikuwamo ndani ya pipa kinapatikana.

Mrusi Vladimir Shukhov, pamoja na mwenzake Gavrilov, alipewa hataza ya njia hiyo mwaka 1891, ila wakati ule petroli haikuwa na wateja. Mmarekani William Burton alifanya kazi hiyo kibiashara pale Whiting, Indiana, mwaka 1913, baada ya magari kuongezeka. Alichemsha mafuta mazito katika pipa kubwa la chuma lililofungwa, kwa joto la nyuzi 400 hivi na kanieneo mara tano au sita ya hewa yetu. Petroli iliyopatikana katika pipa la mafuta ghafi ilikaribia maradufu. Hata hivyo palikuwa na adha kubwa. Kila baada ya siku moja au mbili moto ulizimwa, chombo kikaachwa kipoe, na watu wakaingia ndani na patasi kugonga kitu cheusi kigumu kilichoganda chini.

Kitu hicho Waingereza wana neno lao. Mimi nadhani mama zetu walikwisha kutupa neno zuri zaidi: ni ukoko. Kila aliyepika wali anaujua. Moto ukizidi chini ya sufuria, wali wa chini hukauka, huungua, hung'ang'ania. Mafuta nayo huweka ukoko. Baadhi ya molekuli, badala ya kukatika zikawa ndogo, hupoteza haidrojeni, hushikana zenyewe kwa zenyewe, na mwisho hubaki karibu kaboni tupu. Historia yote ya tanuri la kuvunja mafuta, tangu Burton hadi leo, ni historia ya mapambano na ukoko.

Jinsi tanuri linavyojengwa

Wengi wetu hapa tumekulia katika mashamba ya tumbaku, kwa hiyo mfano upo karibu. Bani la kukaushia tumbaku lina moto wake nje, katika tanuri la matofali. Moto hauligusi jani. Hewa ya moto hupita katika mabomba ya bati yaliyozunguka sakafuni, halafu hutokea katika dohani. Mlinzi wa bani halali usingizi wa kushiba. Joto likipanda haraka, jani huiva vibaya na kuwa jeusi. Likichelewa, jani huoza. Kazi ni kulipa jani joto linalotakiwa, kwa muda unaotakiwa, bila kuliunguza.

Tanuri la mafuta ni bani lililogeuzwa. Mafuta yamo ndani ya mabomba, na moto uko nje ya mabomba. Chukueni chumba kikubwa cha chuma, chenye matofali ya kuzuia moto ndani. Sakafuni mna vichomeo vya gesi au mafuta. Kandokando ya kuta, au katikati, yamepangwa mabomba marefu yaliyoungana kwa viwiko, yakienda na kurudi. Juu ya chumba ni sehemu nyembamba inayoelekea dohani. Mafuta huingia kwanza huko juu, yapate joto la moshi unaotoka ili moto usipotee bure angani. Kisha hushuka katika chumba chenyewe, ambako joto la nyuzi 800 na zaidi huyamulika mabomba kama jua la saa saba. Hutoka yakiwa na nyuzi 450 hadi 500, kutegemea kazi inayotakiwa.

Mhandisi anayechora tanuri hilo ana mambo matano ya kupigania.

La kwanza ni joto na muda. Kwa hesabu ya darasani, karibu na nyuzi 450, kila ukiongeza nyuzi kama 14 kasi ya kuvunjika huongezeka mara mbili. Basi kazi inayochukua dakika 8 katika nyuzi 450 huchukua dakika 1 katika nyuzi 492, kwa kuwa umeongeza mara mbili tatu. Ndiyo maana ziko namna mbili za mitambo ya kulainisha mafuta mazito. Moja huyapitisha haraka katika tanuri kali, kwa dakika moja hadi tatu. Nyingine huyapasha moto wa wastani, kisha huyaacha yatulie katika chombo kilicho nje ya tanuri. Njia ya pili hula kuni kidogo. Ya kwanza ni rahisi kuisafisha.

La pili ni ngozi ya bomba. Mafuta yanayopita katikati ya bomba yana joto moja, lakini utando mwembamba unaogusa chuma una joto kubwa zaidi. Ukoko huanzia katika utando huo. Kwa hiyo mafuta hulazimishwa kwenda mbio, mita 2 kwa sekunde au zaidi hata kabla hayajaanza kugeuka mvuke, na mara nyingi huingizwa mvuke wa maji ndani ya mabomba kuyasukuma. Mto unaokwenda mbio hauachi tope.

La tatu ni usawa wa moto. Ndimi za moto zisilambe bomba hata kidogo. Upande mmoja wa bomba ukimulikwa na mwingine ukawa kivulini, upande ule mmoja hubeba mzigo wote. Kwa sababu hiyo matanuri bora ya mafuta mazito sana huweka mabomba katikati na vichomeo pande zote mbili. Yanagharimu zaidi, lakini hukaa muda mrefu bila kuzimwa.

La nne ni chuma chenyewe. Chuma cha kawaida hulegea katika joto hilo. Hutumika feleji yenye kromi asilimia 9 na molibdeni asilimia 1. Hata hiyo ina mpaka wake, kama nyuzi 650 hadi 700 za ngozi ya bomba. Hebu sikilizeni hatari ilipo. Ukoko ukishaweka tabaka ndani ya bomba, huzuia joto lisifike katika mafuta. Mlinzi wa tanuri akiona mafuta yanatoka na joto pungufu, huongeza moto. Moto ukiongezwa, ngozi ya bomba hupanda joto, na ukoko huzidi. Akiongeza tena, bomba huvimba, na siku moja hupasuka, mafuta yakamwagika katikati ya moto. Mlinzi hodari haangalii joto la mafuta tu. Huangalia ngozi ya bomba, na hujua siku ya kusema: basi, tuzime tusafishe.

La tano ni huko kusafisha. Zamani ilikuwa patasi. Siku hizi mvuke mkali hupitishwa kwanza kuubandua ukoko, kisha huongezwa hewa kidogo kidogo uungue polepole. Njia nyingine ni kusukuma kwa maji kizibo chenye meno ambacho huupangua ukoko kikipita kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho.

Watu waliofuata baada ya Burton walitafuta njia za kuishi na ukoko badala ya kuukimbia tu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, hapo hapo Whiting, ulibuniwa mtambo ambao mafuta hupita tanurini mbio mno hata ukoko haupati nafasi ya kuganda. Huja kuganda katika mapipa marefu mno ya chuma yaliyo nje, ambako hukatwa na kuuzwa kama makaa. Mfaransa Eugene Houdry naye, katika miaka ya 1930, alitumia kichocheo cha udongo maalumu kilichoifanya kazi ya kuvunja iende vizuri zaidi na kutoa petroli bora. Mwaka 1942, pale Baton Rouge, kilianza kazi kiwanda cha kwanza ambacho kichocheo hicho ni unga unaotiririka kama maji. Ukoko hugandia katika unga, unga hupelekwa katika chombo cha pili, ukoko huchomwa huko, na joto la kuuchoma ndilo linalorudi kuvunja mafuta mengine. Adui akageuzwa kuni. Kiwanda cha Dangote kule Lagos, cha mapipa 650,000 kwa siku, kilichoanza uzalishaji mwaka 2024, kina mtambo mkubwa wa jamii hiyo.

Je, nasi tujenge?

Najua swali linalongoja mikononi mwa vijana. Kama ndivyo, kwa nini tusijenge letu? Nitajibu kama mtu aliyesoma mahesabu haya mara nyingi, wala sitajificha nyuma ya cheo.

Kwanza, tanuri la kuvunja lina gharama kubwa, na gharama hiyo haipungui sana kiwanda kikiwa kidogo. Kiwanda cha ukubwa wa TIPER ya zamani kisingeweza kulibeba. Kwa hiyo kila nchi ya Afrika Mashariki kujenga la kwake ni kurudia mambo ya miaka ya 1960. Uganda iligundua mafuta ya kutosha kuchimbwa mwaka 2006 karibu na Ziwa Albert, na imepanga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima. Mafuta yao yana nta nyingi. Bomba la kuyaleta Chongoleani, Tanga, la kilometa 1,443, limebuniwa liwe lenye kupashwa joto njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 yakaganda. Bomba hilo linapita Mkoa wa Tabora, jirani zetu. Maoni yangu ni kwamba, kama kiwanda kitajengwa upya katika eneo letu hili, kijengwe cha wote, na hesabu ya mafuta mazito iwe ukurasa wa kwanza wa mradi, isiwe nyongeza ya mwisho.

Pili, uzito wa jambo hili umeongezeka. Tangu Januari 2020 meli za dunia haziruhusiwi kuchoma mafuta yenye salfa zaidi ya asilimia 0.5, isipokuwa zenye mitambo ya kusafisha moshi. Kabla ya hapo mpaka ulikuwa asilimia 3.5. Mafuta mazito yasiyovunjwa yamezidi kukosa soko.

Tatu, msinielewe kwamba kiwanda kingeshusha bei ya dizeli Mpanda kesho yake. Leo nchi yetu huagiza mafuta yaliyokwisha safishwa, kwa pamoja, kupitia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. EWURA hutangaza bei za kikomo kila mwezi, mji kwa mji, na Mpanda huwa juu ya Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni safari. Anayewaahidi dizeli ya bei ya Kigamboni kwa sababu ya tanuri anawadanganya. Reli nzuri na barabara nzuri zitatusaidia mapema zaidi. Reli yetu yenyewe ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Uruwira. Mgodi ulipofungwa, reli ikabaki kwa wakulima, wavuvi wa Karema na wasafiri wote. Mtambo unaweza kufa na faida yake ikabaki, alimradi pawepo watu wa kuitunza.

Na hapo ndipo penye neno langu kubwa. Viwanda vilipofungwa tulipoteza zaidi ya chuma. Mtu aliyekuwa akilitazama tanuri kupitia tundu dogo, akajua kwa rangi ya bomba kwamba ukoko umeanza, alistaafu. Hakuna aliyeketi karibu naye kujifunza. Chuma hununuliwa kwa mkopo, lakini jicho la namna ile hulelewa miaka kumi. Kama siku moja nchi hizi zitaamua kuvunja mafuta, au kutumia gesi asilia ya kusini kuunda mbolea, au kuyeyusha madini ya mkoa huu wa Katavi hapa hapa badala ya kuyasafirisha yakiwa mawe, zitahitaji watu wa matanuri. Joto, muda, chuma na mwendo wa kitu ndani ya bomba ni elimu ile ile kwa kazi zote hizo.

Maabara yetu

Sasa nije nyumbani. Katika kitabu cha kemia mna jaribio la kuvunja mafuta. Pamba ya madini hulowekwa mafuta mazito ya parafini na kuwekwa mwisho wa neli ya kioo. Katikati huwekwa vipande vya kauri visivyong'arishwa. Vipande hupashwa moto mkali, mvuke wa mafuta hupita juu yake, na gesi hukusanywa juu ya maji. Gesi hiyo huondoa rangi ya maji ya bromini, dalili kwamba molekuli mpya zimezaliwa. Dakika ishirini zinatosha, na mwalimu akisimamia hakuna hatari, ila mtu akumbuke kuitoa neli majini kabla ya kuondoa moto, maji baridi yasije yakavutwa juu yakapasua kioo.

Kizazi changu kililisoma jaribio hilo kwa chaki ubaoni. Tulifaulu mtihani, lakini wengi wetu tuliiona rangi ya bromini ikipotea kwa mara ya kwanza tukiwa watu wazima Chuo Kikuu, na wengine hawakuiona kabisa. Sipendi wadogo zetu hawa wapite njia ile ile.

Na vijana, nawaonya. Jaribio hilo ni la maabara, mbele ya mwalimu. Wapo watu mitaani wanaochemsha oili chafu au plastiki katika mapipa yaliyofungwa wakitafuta dizeli. Pipa lililofungwa lisilo na kipimo cha kanieneo wala valvu ya usalama ni bomu. Burton alikuwa na mainjinia na mafundi wa kuziba kila riveti, na bado ilikuwa kazi ya kuhatarisha maisha. Msithubutu nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa pendekezo ambalo naomba liandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Chama chetu kichangie maabara ya kemia ya shule: neli za kioo zinazostahimili moto, vichomeo na mitungi ya gesi, vipima joto, kabati la kutolea hewa chafu, na kemikali za majaribio yote yaliyomo katika mtaala wa kidato cha tatu na cha nne. Mwalimu wa kemia aandike orodha, Mwalimu Mkuu aisaini, na mweka hazina wetu apokee michango hadi mwisho wa muhula huu. Mimi nimekwisha kumkabidhi fungu langu asubuhi ya leo, na risiti ninayo mfukoni kwa atakayetaka kuiona. Kila atakayechangia ataalikwa siku ya jaribio la kwanza, na wanafunzi wenyewe ndio watakaotufundisha.

Sasa niko tayari kwa maswali, na naomba ya wanafunzi yatangulie.